Upele Usiowasha

Somo yangu Bi Rukia,

Sabalkheri. Sijui huko uliko kunakucha vipi, lakini nilizoea kukuamkia kwa neno hilo kabla sijateleka birika jikoni, na mkono wangu umekataa kuanza kwa jingine. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, ndizo nizijuazo, na mwandiko wangu ni ule ule uliokuwa ukiucheka, ukisema herufi zangu zimelala kama watu walioshiba biriani.

Nina haya, Somo. Nimekaa nayo tangu jana alasiri nilipotoka kwa Bi Thureya. Ndiyo, Bi Thureya yule yule wa Kibokoni. Aliniita mwenyewe nikamsinge binti yake mdogo, Nuru, anayeolewa wiki hii. Yaliyonipata huko nitakwambia, lakini acha niyapange tangu mwanzo. Mengine wayajua. Nayasema kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuyasema naye.

Nilikuja kwako nikiwa nimeachwa. Mume wangu alinirudisha kwa shangazi kwa kuwa sikuzaa, na shangazi hakuwa na nafasi. Wewe ulikuwa somo wa maharusi. Toka Kuze hadi Mkanyageni hakuna msichana wa nyumba ya mawe aliyeingia kwa mumewe bila mikono yako kumsinga na kumpaka hina. Ulinitazama pale mlangoni, ukasema, "Una vidole virefu. Ingia." Hukuniuliza kwa nini niliachwa. Hata siku moja hukuniuliza.

Ulinifundisha kusaga liwa, ule mti wa kunukia, mpaka iwe laini kama maziwa. Ulinifundisha kuchanganya singo kwa unga wa mchele na manjano na waridi kavu, na kuisugua taratibu mpaka ngozi ya msichana ing'ae. Mara ya kwanza nilipomgusa bi harusi ulinipiga kikofi cha mkono mbele yake. "Polepole, Mishi! Huyu si sufuria waisugua." Bi harusi akacheka, wewe ukacheka, na mimi nikaona raha ambayo sikuwahi kuionja nyumbani kwa mume.

Ulikuwa wakati wa vita. Kilindini kulijaa meli na askari, na mjini nguo zilikuwa adimu, sabuni adimu zaidi. Jozi moja ya leso za kisutu ilizunguka kwa maharusi watatu, wanne, na sisi ndio tuliozibeba toka nyumba hii hadi ile. Wewe na mimi tulilala kitanda kimoja tukijifunika shuka moja.

Mikono yako ilianza kukauka wakati huo. Vitanga vya mikono vilikuwa kama vimenyunyizwa unga. Ukasema ni manjano na hina za miaka yote hiyo, ukawa unavipaka mafuta ya nazi kila jioni. Hukujikuna. Nikumbukavyo, hukujikuna hata mara moja.

Mimi ndiye niliyejikuna. Ilianza katikati ya vidole, ikashuka kwenye viganja, ikaenda kiunoni pale leso inapofungwa. Mchana nilivumilia. Nikilala na joto la shuka likapanda, nilikuwa kama nimelalia siafu. Nilijificha ili usinione, nikaanza kuvaa mikono mirefu katika joto la Mombasa, nawe ukaniuliza kama nimepata baridi yabisi.

Siku ile ya arusi ya Kuze sitaisahau. Ukumbi umejaa wanawake, udi unafuka, mimi nimeshika mguu wa bi harusi namchora hina. Bi Thureya akaingia. Binti yake mkubwa, Zuhura, tulikuwa tumemsinga zamani kidogo, mwezi na kitu, na sasa yeye na mumewe walikuwa hawalali kwa kujikuna, na mama mkwe amekwisha kusema maneno. Bi Thureya hakuniamkia. Alinishika mkono, akaupandisha mkono wa nguo yangu, akavitanua vidole vyangu mbele ya wote. Vile vistari vidogo vya upele vilionekana kati ya vidole, na mahali nilipojikwaruza palikuwa pametoka damu.

"Tazameni! Huyu ndiye aliyempelekea mwanangu uchafu kwa mumewe."

Wanawake walirudisha miguu yao chini ya leso zao kama maji yameingia ukumbini. Wewe ndiye uliyeinuka. Ulisimama baina yangu na yeye, ukainua mikono yako yote miwili juu.

"Mimi nalala naye kitanda kimoja. Nala naye sahani moja. Ingekuwa ni upele, mimi ningekosa kuwashwa? Mwacheni mtoto wa watu."

Ulisema kwa kunitetea, Somo, na uliamini kila neno. Lakini wao walisikia vingine. Walisikia kwamba somo ni safi na mwanafunzi wake ndiye mchafu. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kukuita alisema, "Bi Rukia, njoo, lakini njoo peke yako." Nikabaki nyuma nasaga liwa. Mikono yangu haikuruhusiwa kugusa mtu, na yako ikaendelea kuwagusa wote.

Nilijitibu kwa kibiriti upele kilichosagwa na mafuta ya nazi. Nilinuka kama kisanduku cha fataki. Nikapona, ngozi ikatulia. Wewe ukafurahi ukaniambia nirudi kitandani, kwani nilikuwa nimehamia mkekani. Nilirudi. Usiku ule ule nikaamka najikuna. Mara ya kwanza nilikaa nawe muda mrefu kabla ya kuhisi chochote. Mara hii hata usiku mmoja haukupita. Niliamini kuna jambo ndani yangu, laana fulani iliyonifuata tangu nyumbani kwa mume. Wewe ukaniambia huenda ni jicho, ukanisomea, ukanipulizia maji. Nami niliyanywa maji yale kwa shukrani.

Kisha mikono yako ikaharibika. Magamba ya rangi ya majivu yakapanda juu ya unga ule, yakashikana, yakawa ganda. Kucha zikanenepa. Nyayo zikapasuka. Tulipokunja shuka asubuhi, vumbi la ngozi yako lilianguka sakafuni, nawe ukaharakisha kulifagia mwenyewe. Ulianza kunywa chai kwa kikombe chako peke yako bila mtu kukuambia. Na bado hukuwashwa. Hilo ndilo lililowatisha watu, kwa sababu kila mtu mjini anajua ni ugonjwa gani unaokula ngozi na mwenyewe asihisi. Neno ukoma halikutamkwa mbele yako, lakini mimi nililisikia kisimani, na mwenye nyumba aliniuliza kwa upole kama najua kuwa serikali ina kambi ya watu wa namna hiyo.

Ndipo nilipokuvisha buibui na soksi, nikakupeleka kwa daktari wa Kihindi karibu na Makadara. Njiani ulinishika bega. Ulikuwa mwepesi. Sikuwa nimejua kuwa umekonda hivyo.

Yule daktari hakuogopa. Alikuketisha, akakuvua soksi, akakubonyeza vidole kwa ncha ya kalamu akiuliza kama wahisi, nawe ukamjibu kwa kukasirika kidogo, "Nahisi, kwani mimi mti?" Akatabasamu. Akachukua kisu kidogo akakwangua kipande cha ganda kutoka kitangani, akakiweka juu ya kioo, akainamia hadubini yake. Alikaa pale muda. Halafu akaniita mimi nitazame.

Niliona vidudu, Somo. Vya mviringo, vyenye vijiguu vifupi, vimesongamana na mayai yao ndani ya kipande kisichofika ukubwa wa punje ya mchele. Vingine vilikuwa vinatikisika.

"Si ukoma," alisema. "Ni upele. Upele wa kawaida kabisa, ila kwa mama huyu umezaana bila kuzuiwa."

Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu huwashwi. Nilikuwa nakutetea kama ulivyonitetea mimi. Akavuta kiti akakaa mbele yetu, akaeleza kwa Kiswahili chake cha dukani, taratibu, na mimi nimekishika chote.

Alisema kidudu hiki huchimba kijia ndani ya ngozi na kutaga humo, na kazi hiyo yenyewe haiumi. Kinachowasha ni mwili wenyewe, ukishamjua mgeni na kuanza kumpiga vita. Damu hukimbilia pale, ngozi huvimba, mtu hujikuna, na vidudu vingi hufa au hung'olewa kwa kucha. Mara ya kwanza mwili haumjui mgeni; huchukua wiki nyingi kumtambua. Ukishamtambua hausahau. Akija tena, vita huanza siku hiyo hiyo. Hata ukiwaua wote kwa dawa, mwili huendelea kukasirika kwa muda, kwa sababu maiti zao zimo ngozini bado. Kwa hivyo anayejikuna sana aweza kuwa na vidudu vichache mno, vya kuhesabika.

"Na asiyejikuna?" nikauliza.

"Wako watu wachache ambao mwili wao haupigi vita hivyo sawasawa. Pengine kwa uzee, pengine kwa njaa au kwa maradhi mengine yaliyo ndani. Kwa huyu sijui ni kipi. Basi ngozi hujaribu kujikinga kwa kunenepa, na ndani ya ganda lile vidudu huzaana maelfu kwa maelfu. Gamba moja likianguka ni shehena nzima. Mtu kama huyu anaweza kuambukiza mtaa, naye mwenyewe asijue."

Hapo nilihisi mzigo ukinishuka mabegani. Sikuwa mimi. Tangu siku ya Kuze sikuwa nimevuta pumzi kama ile. Na papo hapo nikaona haya, kwa sababu nilikutazama nikaona ni wapi mzigo ule ulikoshukia. Ulikuwa umeketi na mikono yako mapajani, vitanga vikitazama juu.

Ukasema, "Kwa hivyo ni mimi."

Daktari akasema si kosa la mtu. Ukamwitikia kwa adabu, "Ahsante, daktari," kama mtu aliyepewa kiti asichokitaka.

Alitupa dawa nyeupe ya kupaka na akanionyesha kulainisha magamba kwa mafuta na maji ya moto. Nilidhani tutarudi nyumbani tuanze. Wewe ukasimama barabarani ukasema, "Nipeleke kwao kwanza."

"Kwa nani?"

"Kwa wote niliowashika."

Nilikusihi. Nikakwambia nitakwenda mimi, nitawaambia kwa njia nzuri. Ukakataa. Ukaniambia nikufunge mikono kwa kitambaa safi ili usiguse mlango wa mtu, na tukapita vichochoro vya Kuze na Kibokoni, nyumba kwa nyumba. Hukuingia popote. Ulisimama nje ukaita, na mtu akitokeza ulisema maneno yale yale: "Mimi Rukia. Upele ulioingia humu umetoka mikononi mwangu, si kwa Mishi. Si ukoma, msiogope. Mjipake dawa nyumba nzima siku moja, na shuka mzichemshe. Nami naomba radhi." Wengine walilia. Mmoja alicheka kwa wasiwasi akafunga mlango. Bi Thureya hakushuka. Alisikiliza kutoka dirishani juu, akasema, "Tumesikia," akavuta kibao cha dirisha.

Nilitembea nyuma yako hatua kadhaa. Nilijiambia ni kwa sababu kichochoro ni chembamba.

Yaliyofuata hukuyajua yote, kwa sababu homa ilikuzidi. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nakulowesha mikono katika beseni, nakutoa magamba kidogo kidogo, nawe hukuniambia hata mara moja niende polepole. Ngozi mpya ilianza kuonekana kwenye kiganja cha kulia, nyekundu kama ya mtoto mchanga, nikakuonyesha ukaitazama kwa muda mrefu. Lakini zile nyufa za nyayoni zilikuwa zimeingiwa na uchafu, ukapanda damuni. Daktari alikuja mwenyewe. Alifanya alichoweza.

Waosha maiti walikuja wakakaa barazani, wakaulizana, mwisho wakaomba udhuru. Nilikuosha mimi, na mke wa mwadhini akamimina maji akiwa amesimama mbali. Sikuvaa kitu mikononi. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka mtu mmoja akuguse kabla hujaenda. Kisha nikajipaka dawa ile nyeupe mwili mzima, kama alivyoniamuru daktari.

Sasa nikwambie yaliyobadilika. Mji umenipenda, Somo. Wanawake walioniogopa wananikumbatia. Wananiita kwa maharusi kuliko walivyokuita wewe miaka ya mwisho. Kila nyumba niingiayo nasikia, "Maskini Mishi, ulionewa. Kumbe ni yule mzee ndiye aliyekuwa mchafu." Nimesafika kwa jina lako lililochafuka. Na mimi huinamisha kichwa nikaendelea kusaga. Nina chumba changu, nina wateja wangu, na ngozi yangu ni safi, na kila siku nanyamaza.

Jana kwa Bi Thureya waliniwekea mto bora ukumbini. Akasema neno hilo hilo mbele ya jamaa zake wote, mkono wake umeniegemea begani. Nilikuwa namsinga Nuru mgongoni. Nuru ni msichana mdogo, hana nia mbaya. Akageuza shingo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Da Mishi, ni kweli Bi Rukia alikuwa haogi?"

Mikono yangu ikasimama. Sikujua kuwa nitasema. Nilimwambia, lakini kwa sauti ya ukumbi mzima, kwamba Bi Rukia alioga mara tatu kwa siku hata sabuni ilipokosekana, alioga kwa dalia na majani ya mkunazi. Nikawaambia wanaojikuna si wachafu na wasiojikuna si wasafi. Nikawaeleza vita vile vya ngozini kama daktari alivyotueleza, kwamba kuwashwa kulikuwa ni mwili wangu unaopigana, na wewe mwili wako ulikuwa umechoka kupigana wala hukupewa nafasi ya kujua. Nikasema, "Aliwaendea milangoni na miguu iliyopasuka. Nani kati yetu angekwenda?" Kisha nikaona haya tena, maana mimi mwenyewe nilikufuata kwa nyuma.

Nikachukua bakuli langu niondoke kabla sijafukuzwa. Bi Thureya akasema, "Mmalize mtoto mgongo huo." Nikammaliza.

Nilipokuwa nanawa uani, akanijia peke yake. Uso wake ulikuwa umesawijika. Aliniuliza, "Yule daktari alisema kweli? Kwamba yawezekana mtu asiwashwe kabisa, na isiwe ule ugonjwa mwingine?"

Nikasema ndiyo, nilivitazama vidudu kwa macho yangu.

Alinipandisha ngazi mpaka ghorofa ya juu, akafungua chumba kwa ufunguo aliokuwa amefunga kwenye pembe ya leso. Mama yake mzazi alikuwa amelala humo, Somo. Yule uliyekuwa ukienda kumkanda miguu wakati wa vita, ambaye tuliambiwa amepelekwa Lamu kwa jamaa. Mikono yake ilikuwa kama yako. Kichwani ganda limefika kwenye nyusi. Dirisha limefungwa, chakula kwenye kigae mlangoni.

"Niliogopa watamchukua," Bi Thureya alisema. "Niliogopa hata kuuliza." Akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa leso, akalia bila sauti asisikiwe na wageni walioko chini.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ndiye unayeusikia. Nilitaka kushuka ukumbini nikapige kelele. Nilitaka kuuliza tangu lini, kabla ya Zuhura au baada yake, kabla ya mikono yako kukauka au baada. Neno lilikuwa limefika menoni. Kisha yule bibi akafumbua macho, akaona kuna mtu mgeni, akaficha mikono yake chini ya shuka.

Sikuuliza. Nani alimpa nani, sitaki kujua, na hakuna faida kwa mtu yeyote kujua. Nilikaa kitandani pake, nikautoa mkono wake mmoja kutoka chini ya shuka, nikaushika. Nikamwambia naitwa Mishi, nami ni mwanafunzi wa Rukia. Akasema, "Rukia ana mikono mizuri." Hajui kuwa umekufa. Sikumwambia.

Leo nimekwenda kwa daktari, amekubali kuja baada ya arusi ya Ijumaa. Bi Thureya ametoa ahadi kuwa arusi ikiisha nyumba nzima itajipaka dawa, wote siku moja, na wageni wataambiwa. Tutaona kama ataweza kuyasema maneno hayo mlangoni kwake. Nimemwambia nitasimama naye, kando yake.

Nakuaga, Somo yangu. Mungu akufanyie wepesi huko, akuvishe ngozi ile mpya mwili mzima. Nakuahidi sitanyamaza tena nikisikia jina lako linachezewa, hata nyumba iwe ya nani. Na yule bibi nitamlowesha mikono mwenyewe, kila asubuhi, mpaka ganda litoke au mpaka Mungu amchukue, na dirisha lake litakuwa wazi.

Mwanafunzi wako,
Mishi